TAHADHARI: Anauza flashi ya TT600 kwa bei ya V860

Wakuu mnaopiga picha za watu, nimepigwa 380,000 na aliyenipiga bado yuko mtandaoni anauza.

Tangazo lilisema flashi ya Godox V860II ya kamera za Canon, mpya, ina TTL (yaani flashi inajipangia nguvu yenyewe) na betri ya lithiamu. Anadai duka liko Kariakoo, ila kila ukitaka kwenda, "leo hatujafungua, nakuletea". Akaja bodaboda saa moja usiku, yuko getini ananiharakisha nilipe, ana mizigo mingine. Boksi la V860II kweli. Nikalipa bila kufungua. Hapo kosa ni langu.

Ndani mna TT600, flashi ya Godox isiyo na TTL. Kwa umbo ni ndugu wa karibu, na stika ya jina ilikuwa imebanduliwa. Nilipoona inataka betri nne ndogo za kawaida nikampigia. Anajibu bila wasiwasi: "Kaka, hilo toleo jipya, tena 600 maana yake wati 600." Uongo mtupu, 600 ni jina tu. V1 ya kampuni hiyohiyo, ambayo nayo hukaa juu ya kamera, ina wati-sekunde 76 (ndicho kipimo cha nguvu ya flashi). Yenye 600 za kweli ni AD600, na hilo ni dude la kusimamishwa kwenye stendi.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu, mteja alishalipa, ningefanyaje? TTL hakuna. Bi harusi akisogea anageuka unga wa sembe, akirudi nyuma anamezwa na giza. Usiku mzima nikawa napandisha na kushusha nguvu kwa mkono.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, ipindue uangalie mguu wake, pale inapochomekwa kwenye kamera. TT600 ina pini moja tu katikati. Ya TTL ya Canon ina tano. Msibishane kwa betri, maana TT685 nayo inatumia hizo nne na TTL inayo. Pini ndizo zitakazomuumbua. Kisha ijaribu: kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), spidi 1/125, f/8, piga ukuta kwa nguvu ndogo kabisa ya flashi, 1/128, halafu kwa nguvu zote, 1/1. Picha zikitoka sawa, mrudishie. Piga pia kumi mfululizo kwa nguvu zote uone inajaa upya kwa muda gani.

TT600 yenyewe wala si mbovu. Kwa picha ya mtu aliyetulia kwenye kiti, ukiiweka pembeni ndani ya mwavuli na triga yake (kifaa cha kuiwasha kutoka kwenye kamera), nguvu unapanga mara moja umemaliza; TTL ya nini? Angeniuzia kwa jina lake na bei yake ningemshukuru.

Sasa ameniblok. Jina la akaunti ameshabadilisha mara mbili, ila picha ya tangazo ni ileile: flashi juu ya meza ya kioo yenye ufa kwenye kona.