Riesling za nchi nne: anza na asilimia ya pombe

Anayedai Riesling ni mvinyo wa sukari tu ameonja ya aina moja. Zabibu hii nyeupe, inayoupa mvinyo jina lake, ina uchachu mkali, na sukari, pale inapokuwepo, kazi yake ni kuupoza. Dukani soma kwanza asilimia ya pombe. Ikiwa 7.5 hadi 9, sukari nyingi haikuchachuka, imebaki ndani ya chupa. Ikiwa 12 na zaidi, kwa kawaida ni kavu, yaani karibu haina sukari.

Onja kavu kwanza, tamu mwisho, mililita 50 kwa kila glasi, kwenye nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Ukimimina ikiwa baridi ya friji, harufu hailegei na unaambulia uchachu mtupu. Itoe dakika 15 kabla.

Clare Valley ya Australia ni kavu kabisa, ndimu na maganda yake. Watengenezaji wa huko walianza pamoja kutumia vifuniko vya skrubu kwa mavuno ya 2000, hivyo ile harufu ya boksi lililolowa inayoletwa na kizibo kibovu cha gome la mti ni nadra sana. Utakayoikuta, pengine mapema, ni ya mafuta ya taa. Mvinyo haujaharibika: zabibu zilizopigwa na jua hujenga viambata vinavyogeuka harufu hiyo kadiri chupa inavyokaa. Ikiwa kidogo inapendeza mno. Ikiifunika ndimu, tunaipunguzia alama.

Alsace ya Ufaransa ni nzito zaidi, tofaa bivu, na inataka nyama ya nguruwe mezani. Tangu mavuno ya 2021 lebo lazima itaje kiwango cha utamu.

Finger Lakes, New York, huokolewa na maziwa yake. Ziwa Seneca lina kina cha zaidi ya mita 180, hutunza joto na kuchelewesha jalidi. Chukua iliyo kavu nusu.

Lakini bora kwetu ni Kabinett, daraja la mvinyo mwepesi, ya Mosel, Ujerumani, kutoka miteremko mikali ya mawe ya sleti. Utamu unaingia, uchachu unaufagia, ulimi unabaki safi. Ikiwa changa huweza kunuka kiberiti. Zungusha glasi, subiri dakika 10. Kwa mchuzi wa nazi wenye pilipili hakuna inayoifikia, kwa sababu pombe nyingi huzidisha mwasho, nayo ina kidogo. Angalia tu isiwe imeandikwa "trocken": hiyo ni kavu, na pilipili itakuchoma.