Kahawa chungu ya Jaws Corner kwa kichwa cha masika

Wale wenzangu ambao kichwa kinauma mvua ikitaka kunyesha, hii yenu. Mawingu yakitanda na presha ya hewa ikishuka mi upande mmoja wa kichwa wote unagonga, na kahawa chungu ya pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wallahi inanisaidia. Inatoka kwenye dele, lile birika la kahawa, moto moto, sukari hamna, harufu unaipata toka mbali, na uzuri wake mkubwa ni ile finjani, ndogo, kwahiyo unajipimia mwenyewe, sio vile vikombe vikubwa vya mahotelini. Kafeini iliyomo kwenye kahawa inabana mishipa ya damu kichwani ndo maana maumivu yanapungua, lakini ukiinywa kutwa kila siku mwili unazoea, halafu ukiikosa tu kichwa kinauma kwa kuikosa, yaani dawa imegeuka maradhi. Mi nimeiweka kwa siku za mawingu tu, finjani moja au mbili mapema kichwa kikianza, na maji mengi. Baada ya alasiri siigusi, usingizi ukikatika kichwa kinarudi. Kashata zao tamu mno, njugu zimekaangwa sawasawa. Mjamzito au mwenye presha ya kupanda aulize daktari kwanza. Nyota 5 kwangu.