Mizani mbili za springi: kifaa kidogo kilichonifundishia kanuni ya tatu ya Newton

Nafundisha fizikia kidato cha pili. Kanuni ya tatu ya Newton inasema kitu kimoja kikivuta au kusukuma kingine, hicho nacho hukirudishia kani ileile kwa upande wa kinyume. Kila mwaka swali ni lile lile: "Mwalimu, kama mkokoteni nao unamvuta mtu kwa kani ileile, mbona unakwenda?" Mwezi uliopita nikanunua Kariakoo mizani mbili za springi, zile za bomba la plastiki linaloonyesha ndani, za 0 hadi 10 N (newton, kipimo cha kani). Shilingi 15,000 kila moja.

Mizani ya kwanza tuliifunga kwenye kipande cha ubao chenye vitabu viwili juu yake. Ya pili akaishika mwanafunzi, kulabu kwa kulabu, akavuta taratibu mezani. Zote mbili zikasoma 4 N, ubao ukitembea kwa mwendo uleule. Hapo kani zimelingana: mkono unavuta ubao mbele kwa 4, msuguano unauvuta nyuma kwa 4. Kani hizo zote mbili zinatenda juu ya ubao uleule.

Kisha nikamwambia avute kwa nguvu, nikarekodi kwa simu na kuirudisha polepole. Ubao ukachomoka, na mishale ikapanda pamoja hadi karibu 7. Darasa likanyamaza. Ulinganifu umevunjika, kwani msuguano umebaki palepale, lakini kulabu bado zinavutana sawasawa. Kani za kulabu haziwezi kufutana, maana moja iko juu ya mizani hii na nyingine juu ya ile.

Siku hiyo hata kitabu kilichokaa mezani kilieleweka. Uzito wake na meza inayokisukuma juu si jozi ya kanuni ya tatu, ingawa wengi huandika hivyo kwenye mtihani; zote ziko juu ya kitabu. Jozi ya uzito ni kitabu kuivuta Dunia. Ondoa meza: kitabu kinaanguka, na bado vinavutana.

Kasoro zipo. Mmoja wa mishale ulisimama 0.2 kabla ya kupimwa chochote, ikabidi niuzungushe kwa skrubu ya juu. Tena ukilaza mizani, sifuri inahama, kwa sababu uzito wa kulabu hauvuti tena springi. Irekebishe ikiwa imelala hivyohivyo. Kulabu nazo ni laini, zikizidiwa zinafunguka.

Nunua mbili kwa pamoja. Hapohapo dukani zinase moja kwa nyingine uvute. Zikisoma tofauti, omba ubadilishiwe.