Raft: papa namsamehe, tanga silisamehe

Papa wa Raft, huu mchezo wa kompyuta, simlaumu. Kazi yake ni kula, na akija akang'ata ukingo wa chelezo changu mpaka kipande kikazama, nitamchoma mkuki, nitaziba pengo, mambo yaendelee. Ninalolilaumu mimi ni tanga. Nimezaliwa Lamu, nimekulia ndani ya mashua ya baba, na kama kuna kitu kimoja ambacho sikutarajia kufunzwa na kijana wa bara, ambaye sidhani amewahi kulowa magoti kwa maji ya chumvi, kitu hicho ni tanga. Basi nimefunzwa. Na mchezo wenyewe ukasimama upande wake.

Kwa wasioijua Raft: unajikuta katikati ya bahari juu ya kichelezo ambacho ukilala miguu inaning'inia, kulabu mkononi. Dunia imemezwa na maji. Zinapita mbao, yanapita makuti na plastiki, yanapita mapipa. Wewe unarusha kulabu, unavuta, unajenga. Kiu inakuandama, njaa inakuandama, papa anazunguka. Mengine utayaona mwenyewe ukiifungua.

Mimi si mtu wa kukesha na gemu. Nina kibanda cha kutengeneza simu huku Langoni, mtaa wa Lamu, nikishafunga na kuswali isha ndiyo naifungua laptopu yangu ya mtumba, nacheza kidogo, nalala. Na mwanzoni niliipenda hii Raft mapenzi ya ajabu. Ile kulabu! Unaitupa mbali, unakadiria, unalinasa pipa ambalo tayari limeshakupita, unalivuta taratibu huku papa yuko chini yako. Ndani unakuta viazi, kamba, vyuma chakavu. Yeyote aliyekua akiokota vitu ufukweni baada ya Kusi kuchafuka anaijua raha hiyo. Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani mpaka mke wangu akawa anagonga mlango kuuliza kuna nini.

Baba alipita siku moja akasimama nyuma yangu akaona nasokota kamba kwa makuti. "Kwa makuti?" akauliza. "Na makumbi yamekwenda wapi?" Minazi imejaa kwenye visiwa vya mchezo, nazi zinaanguka, unakata, unakunywa, unakula, lakini makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi ambayo kwetu husokotwa kamba, hayana kazi. Nikamwambia walioutengeneza mchezo ni Waswidi, wasamehe. Na nikawasamehe kwa dhati, kwa sababu kile chelezo cha mbao na kamba, na tanga la makuti, kilinikumbusha mitepe, vile vyombo vya zamani vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Leo imebaki mifano tu, ipo makumbusho yetu ya Lamu kwa anayetaka kuiona. Nikajiambia, hawa watu wamegusa jambo. Nikaipa nyota tano kwa mdomo wangu mbele ya watu barazani.

Halafu binamu yangu wa Malindi akanialika kwenye chelezo chake.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja kinachoniudhi hata kabla ya kufika kwenye udhia wenyewe. Mkicheza pamoja, ulimwengu ni wa yule aliyealika. Umepanda viazi vyako, umejenga jiko lako, umepanga masanduku yako, lakini binamu asipofungua kwake huyaoni tena. Unabaki kumpigia simu mtu mzima usiku: "Binamu, tafadhali, fungua, viazi vyangu vimeiva, ndege watavimaliza." Maana ndege wa baharini nao wanakula mazao. Aibu tupu.

Siku hiyo akafungua, nikaingia, nikakuta kuna mtu wa tatu. Rafiki yake, yuko Nairobi. Jina lake sitalitaja. Salamu hakuna. Mimi nikasema masalkheri, akajibu "niaje", basi yakaisha hapo, nikanyamaza, nikashika tanga.

Kisiwa kikubwa kilikuwa joshini, kule kule unakotoka upepo. Mwana wa Lamu yeyote anajua la kufanya: unapiga bisho. Unakwenda upande huu kwa mshazari, unageuza, unakwenda upande ule, kila ukigeuza umechuma kidogo, mpaka unafika. Watoto wa darasa la nne hapa wanajua. Basi nikaligeuza tanga, nikaanza. Kwenda huku, kwenda kule. Chelezo kinazunguka, kisiwa kinazidi kuwa kidogo. Nikageuza tena. Kikazidi kuwa kidogo. Nikasikia sauti sikioni:

"Buda, hii si Lamu. Inaenda venye upepo inaenda. Wachana na hiyo kitu."

Buda! Yaani mzee, kwa Sheng. Kwetu mtu akipanda chomboni akamkuta aliyemzidi umri ameshika tanga, husema "nahodha, nishike wapi?" Hata kama nahodha anakosea, husema hivyo, halafu humnong'oneza. Huyu hajui jina langu, hajui mwanangu wa kwanza analingana naye, ananiita buda na kuniambia niachane na hiyo kitu. Nikamjibu kwa upole nilioutoa sijui wapi: "Tulia, mwanangu, kuna ufundi hapa." Akacheka. Si cheko la utani. Cheko la mtu anayemwonea huruma mwenzake.

Akaja akalishika tanga, akaliweka na upepo, chelezo kikakimbia upande mwingine kabisa, na mbele yetu kikatokea kisiwa kingine. Akasema, "Si umeona?" Na wakati huo huo, wallahi, papa akang'ata pembe ile ile niliyokuwa nimeweka mtambo wangu wa kuchemshia maji ya chumvi yawe ya kunywa. Ukazama na kikombe changu ndani. Kijana akaongeza: "Na hiyo ungeweka katikati." Binamu yangu, damu yangu, akanyamaza kimya.

Nikafunga laptopu bila kuaga. Nyota tano zikawa moja.

Asubuhi nikamsimulia baba, nikitegemea atanitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Chombo chenyewe kina mkuku?" Yaani ule mti mrefu wa chini ya chombo unaokizuia kuteleza kando. Nikasema hakina, ni mbao zimepangwa mraba juu ya maji. Akasema, "Sasa kitapigaje bisho? Chelezo si mashua. Chelezo hufuata maji na upepo. Huyo kijana kasema kweli, kakosa adabu tu." Akaendelea na kahawa yake.

Baba nampenda na namheshimu, lakini hapa nitabishana naye mpaka kiyama. Kama hakina mkuku na ndiyo sababu hakipigi bisho, basi mbona ukiligeuza tanga ubavuni chelezo kinakwenda ubavuni vizuri tu, kimenyooka, bila kusukumwa demani, kule unakokwenda upepo? Kitu kisicho na mkuku kingeteleza. Hakitelezi. Kwa hiyo wenye mchezo wameamua tu: huku utakwenda, kule huendi. Hiyo si bahari, ni askari wa getini. Na wasiniambie hawajui upepo. Walioianza walikuwa wanafunzi watatu wa chuo kule Gotland, na Gotland ni kisiwa, kipo katikati ya maji ya Baltiki. Watu wa kisiwa! Waliitoa bure kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ikaingia sokoni ikiwa haijakamilika mwaka 2018, wakaimaliza rasmi mwaka 2022. Miaka yote hiyo na hakuna aliyetoka nje akatazama mashua ikigeuza.

Na nikishakasirika huwa naona kila kitu. Upepo wao hauna msimu, unageuka ukitaka, hakuna Kaskazi, hakuna Kusi, nahodha atapangaje safari? Maji hayajai wala hayapwi. Nimekaa kwenye visiwa vyao mchana na usiku, mstari wa maji uko pale pale. Ndoano moja, bahari moja, unavua salmoni, halafu unavua tilapia. Tilapia, jamani! Samaki wa ziwa na mabwawa, baharini, na kila mtu juu ya chelezo anaona sawa. Samaki wetu wa baharini, changu na tafi, hakuna. Kiu nayo inakwenda mbio kuliko ya mtu aliyebeba mawe juani. Mwezi wa Ramadhani msiifungue kabla ya magharibi, mtu unakaa kutazama alama ya kiu ikishuka na kinywa chako chenyewe kimekauka.

Papa nimesema namsamehe, lakini nina neno naye. Ukimuua, na unaweza, unapata nyama na kichwa. Kichwa ukitaka unakivaa. Kichwa cha papa kichwani kama kofia ya vito! Mafuta je? Kwetu papa alikuwa ndiye mlinzi wa chombo. Ini lake lilitoa sifa, yaani mafuta ya papa, na sifa ndiyo iliyopakwa mbao za mashua zisioze, harufu yake ndiyo harufu ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, ya utoto wangu. Hebu fikirini mchezo ambao papa anakula chelezo chako, nawe unamuua, unayeyusha ini lake, unapaka mbao zako, na mbao zilizopakwa zinastahimili meno ya mwenzake. Kisa chote kipo pale, kimekamilika, wakakiacha. Badala yake unazivisha mbao chuma. Chuma ukitoe kwenye maji, chini ya maji yupo nani? Yupo yeye. Na ukimuua, hujamaliza hata kuchoma nyama, mwengine ameshafika.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka mkuku. Wana meza ya utafiti kwenye mchezo, unaweka vitu unajifunza kutengeneza vingine. Waongeze mkuku, waongeze omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, waongeze foromali, ule mti unaobeba tanga, chelezo kiwe chombo kwa anayetaka. Asiyetaka abaki na mraba wake. Na asije mtu kuniambia haiwezekani kwa plastiki za kuokota, kwa sababu hapa hapa Lamu mwaka 2018 walishusha majini Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa taka za plastiki na kuvikwa kandambili za kuokotwa, na mwaka 2019 likatweka tanga kutoka hapa mpaka Unguja. Mafundi wa kwetu waligeuza taka za plastiki kuwa mkuku. Raft imebaki na mraba.

Najua mtasema, subiri, mbele kuna injini. Ndiyo, ipo, ukishafika mbali kwenye hadithi yao ya minara na meli iliyoachwa, unaunganisha antena, unafuata ishara, mwishowe unapata injini na usukani na unakwenda unakotaka. Injini inayokula mbao, juu ya chombo cha mbao! Siku injini inapowaka, tanga linakuwa pambo. Nalo hilo nalijua vizuri, nimeliona hapa kwenye gati letu, mashua nyingi siku hizi zina mashine. Sikuingia kwenye gemu kwenda kuliona tena.

Kwa hiyo msinunue. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika.

Lakini kuna usiku juzi juzi bando lilikuwa limekwisha, binamu hayupo, kijana hayupo, nikafungua ulimwengu wangu mwenyewe, wa mtu mmoja. Nikaliacha tanga chini. Sikulitweka kabisa. Nikaacha maji yanipeleke nikirusha kulabu, nikichoma samaki wao wa ziwa, na sijui saa ngapi zilipita. Ukiwa peke yako na huna haraka, ni mchezo mtamu sana. Kinachouharibu ni pale unapotaka kwenda mahali. Au pale anapoingia mtu anayejua kwenda mahali.

Tena binamu ameniletea ujumbe. Kijana anauliza "yule buda wa Lamu" yuko wapi, kwa sababu tangu niondoke hakuna anayepika, wanakufa njaa kila siku na viazi vyangu vimeliwa na ndege. Nimemjibu binamu: mwambie jina langu, aanze na shikamoo, na jiko lisogezwe katikati. Kama atakubali, nitaingia. Tanga nimwachie yeye, sina haja nalo, mradi siku wakileta mkuku alirudishe mkononi mwangu bila maneno.

Nyota nimeweka tatu kwa sasa. Mkizikuta zimekuwa nne, ujue shikamoo imefika. Mkizikuta zimerudi moja, kaniita buda tena.