Apu za kuandika pembeni ya Biblia: namba moja yangu, na habari ya wino unaohama

Alhamisi moja kwenye ibada ya akina mama tulikuwa Mithali 31. Mama yangu, aliyekaa kushoto kwangu, alikuwa amesahau miwani, akaomba kishikwambi changu. Nikamkuzia maandishi mara mbili, nikampa. Akasoma, akanyamaza, kisha akaniinamia: "We mwanangu, hapa umeandika nini?"

Pembeni ya mstari wa 6, ule wa kumpa kileo aliye karibu na kupotea, kulikuwa na mwandiko wangu mwekundu na mshale mnene: MAMA YANGU KABISA.

Maneno hayo niliyaandika mstari wa 10, kwa mke mwema. Herufi zilipokua, mistari ikateremka na wino ukabaki ulipokuwa. Nilipofika nyumbani nikafungua Zaburi: vurugu tupu. Miezi minane ya kupigia mistari na kuchora mishale, na nusu yake inaelekeza kwa jirani. Nikarudisha herufi kama zilivyokuwa. Baadhi ya mistari ikarudi mahali pake, mingine haikurudi. Apu hiyo nilikuwa nimeilipia mwaka mzima kwa mkupuo. Jina lake silisemi, ila sinunui tena kitu cha wino kabla ya kukifanyia jaribio la mama.

Kwa hiyo humu hutaona habari za betri, ukubwa wa kioo wala rangi ngapi za kupakia. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nauliza moja tu: herufi zikikua, wino wangu unakwenda na neno lake au unabaki peke yake?

Sababu yenyewe ni hii. Kuna maandishi yanayotiririka, kama ya kitabu cha kwenye simu: ukiyakuza, mstari unakatika pengine na ukurasa unapangwa upya. Kama apu imekumbuka tu kwamba ulichora sentimita kadhaa kutoka juu, umekwisha. Ugumu huu si wa apu za uchochoroni tu. Kindle Scribe, kile kisomeo cha vitabu cha Amazon, ilipotoka mwishoni mwa 2022, ilikuja na kalamu nzuri, lakini kwenye vitabu vingi hukuweza kuandika juu ya ukurasa wenyewe. Ulipewa kikaratasi cha kubandika, ukaandika humo. Halafu kuna PDF, ambayo ukurasa wake umeganda. Ukiipanua, kila kitu kinapanuka pamoja kama picha. Mambo yote ya mwongozo huu yako hapo.

Namba moja naipa Samsung Notes, kwenye kishikwambi cha Samsung kinachokuja na kalamu yake, S Pen. Ndiyo, napendelea, na sioni haya. Mimi natumia Galaxy Tab S6 Lite, toleo la 2020, na kalamu yake haichajiwi kabisa, kwa hiyo haijawahi kunifia katikati ya mahubiri. Apu yenyewe imo humo bure. Inafungua PDF, unaandika juu yake, unaongeza ukurasa mtupu katikati ukitaka, na ukimaliza unaitoa tena kama PDF ambayo yeyote anaifungua kwenye simu yake.

Lakini PDF gani? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Zile Biblia za PDF zinazozunguka WhatsApp nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa skani: safu mbili zimebanana, pambizo nyembamba kama uzi, na ukitafuta neno hupati kwa sababu humo hamna maneno, mna picha. Achana nazo. Mimi nachukua sura ya wiki hiyo tu, naiweka kwenye Word, karatasi A4, fonti 14, pambizo ya kushoto sentimita 2 na ya kulia sentimita 8. Zinabaki sentimita 11 za maandiko, na upande wa kulia nina uwanja wa kugombana na mtume Paulo nitakavyo. Nahifadhi kama PDF, naifungua kwenye Samsung Notes, basi. Biblia ina sura 1,189, usijaribu kuzifanya zote likizo moja. Zaburi 119 peke yake ina mistari 176, itakula kurasa. Mpe jina kila faili kwa namba ya kitabu mbele, 20-Mithali-31, ili zijipange zenyewe kama zilivyo kwenye Biblia. Mama sasa akitaka herufi kubwa anapanua kwa vidole viwili, na ule mshale wake unakua pamoja na mke mwema.

Namba mbili ni Goodnotes, kwa wenye iPad. Kazi ni ileile, mwandiko unatoka mzuri kuliko wangu wa kweli, na inatafuta hata maneno uliyoandika kwa mkono. Shida ni mfuko: kalamu ya Apple inanunuliwa kando, na toleo la bure nililojaribu liliniachia madaftari 3 tu.

Namba tatu, OneNote. Bure, inafanya kazi kwenye karibu kila kifaa, na ukurasa wake hauna mwisho, ukitaka pambizo ya mita moja utaipata. Ila ina mtego. Ukibandika maandiko kama maneno kisha ukachora juu yake, siku ukiongeza sentensi pale juu maneno yatasogea na wino utabaki, tunarudi Mithali 31. Ingiza sura kama chapa ya faili, yaani picha ya ukurasa, kisha kwenye kompyuta ya Windows ibofye kulia uifanye iwe usuli, yaani picha ya nyuma. Hapo haisogei tena.

Evernote, apu ya kutunza noti, mnaniuliza sana. Tangu mwisho wa 2023 toleo la bure lina kikomo cha noti 50 ndani ya daftari moja. Ukikipa kila kitabu cha Biblia noti moja, utaanza Mwanzo, utaishia Wafilipi, na Wakolosai watasubiri ulipie.

Za bei rahisi, kwa kifupi. YouVersion haikudai hata senti, ina Union Version na Habari Njema, na rangi yake inashikamana na namba ya mstari, kwa hiyo haihami ng'o. Ila haina kalamu, na ulichoandika kinajificha nyuma ya kialama mpaka ukiguse. Walimu wenye vile vishikwambi vya Sensa ya 2022, anzeni na hiyo. Obsidian, apu nyingine ya noti, ni ya wanaopenda kuchapa kwa kibodi, faili zinakaa kwako mwenyewe. Inatosha.

Sasa niwaseme wauzaji. Kariakoo nimeonyeshwa "kishikwambi cha kalamu" mara tatu, na mara mbili kalamu yenyewe ilikuwa kijiti chenye ncha ya mpira, kile kinachoandika kama unapaka mafuta kwa kidole gumba. Mara ya tatu ilikuwa Samsung kweli, lakini boksi lilishafunguliwa na S Pen haimo. Nikauliza iko wapi. "Hiyo inauzwa kando, dada." Kando wapi, wakati boksi lenyewe limechora kalamu ubavuni!

Na wenye apu nao. Notability, apu nyingine ya kuandika kwa kalamu, ilikuwa ya kununua mara moja, Novemba 2021 wakageukia malipo ya kila mwaka, watu wakapiga kelele mpaka waliokwisha kununua wakaachiwa haki yao. Sisi tunaolipa kwa shilingi, kadi inakatwa kwa dola, kila mwezi kiasi tofauti. Ndiyo maana apu inayokuja ndani ya kifaa nimeipa nafasi ya juu.

Ukifika dukani, nenda na sura moja ya PDF kwenye simu yako. Mwambie akuwashie kifaa, ifungue, piga mstari chini ya neno moja, panua, punguza, funga apu, ifungue tena. Ni dakika tano. Akikwambia "hiyo utajaribu nyumbani", mwachie boksi lake kaunta.