Ajenti wa kupeleka walimu Thailand: nyota mbili, na hesabu yangu yote

Tangazo nililiona Januari 2024 kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu wa BOM, yaani wanaoajiriwa na bodi ya shule badala ya serikali, wakati huo nikifundisha shule moja ya upili huku Kilifi kwa shilingi elfu kumi na mbili, tena zinazochelewa. Lilisema: mwalimu wa Kiingereza, Thailand, baht 22,000 kwa mwezi, sawa na Sh99,000. Ajenti mwenyewe sitamtaja jina. Naandika kuhusu huduma niliyopewa kwa sababu najua kuna wenzangu ambao hivi sasa wanaomba mkopo wa chama ili walipe ada kama niliyolipa mimi.

Haki yake kwanza. Kwenye makaratasi, ajenti huyu anaijua kazi yake. Alinieleza stakabadhi zipi zipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje na kwa utaratibu gani, na visa yangu ya Non-B, ile ya kufanyia kazi, ikatoka ubalozi wa Thailand pale Nairobi bila mvutano. Nilipotua Bangkok nikamkuta kijana amesimama na jina langu kwenye kadibodi, na usiku huohuo nikapandishwa basi la kwenda Surin, upande wa kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Kambodia. Kile kijitabu cha buluu cha kibali cha kazi nilikishika mkononi baada ya wiki sita. Nimekutana na walimu waliofundisha miezi mitano na visa ya utalii, kila mara wanasukumwa kuvuka hadi Laos na kurudi, wakiona gari la uhamiaji mioyo inawaenda mbio. Mimi sikuwahi kulala na hofu hiyo hata usiku mmoja. Nyota zote mbili nilizompa ni za hapo.

Sasa tuje kwenye hiyo Sh99,000.

Januari ile dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza hati mpya za mkopo wa Eurobond kulipia ule uliokuwa unaiva Juni, shilingi ikapata nguvu, na ninaposhuka kwenye ndege Mei dola ilikuwa kama 131. Mshahara wangu kwa baht haukubadilika, lakini kwa mama yangu Kilifi ulikuwa umeshakuwa kama Sh79,000. Elfu ishirini zilipotea kabla sijashika chaki. Hilo silo kosa la ajenti, na simlaumu. Ninachomlaumia ni kwamba Julai rafiki yangu alinitumia tangazo lilelile akiniuliza kama ni la kweli, na bado lilikuwa limeandikwa Sh99,000. Mtu anayelisoma anapiga hesabu ya karo ya wadogo zake kwa tarakimu ile.

Halafu kuna miezi. Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu mtulie. Mwaka wa shule Thailand unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na kati ya mihula miwili kuna likizo ya Oktoba. Mkataba wangu ulikuwa wa kurasa sita, na kifungu cha nne kilisema mwalimu atalipwa "kwa siku za kazi za shule". Nilikisoma nikiwa Nairobi nikakipita. Oktoba ilipoisha nilifungua karatasi ya mshahara kwenye simu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya duka na kilo mbili za mchele mkononi: baht 11,000. Nikaukuza ule mstari kwa vidole viwili nikidhani sijaona vizuri. Niliurudisha mchele, nikachukua kilo moja.

Nikampigia ajenti. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hiyo ni kawaida ya huko, kila mtu analipwa hivyo." Ni kweli ni kawaida kwa wanaoletwa na maajenti. Lakini siku ile nilipokuwa nikimhesabia ada yake ofisini, kawaida hiyo hakuitaja.

Basi mwaka wangu ulikwenda hivi. Mei nusu, Juni hadi Septemba kamili, Oktoba nusu, Novemba hadi Februari kamili, Machi nusu. Jumla baht 209,000. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili, kwa sababu tumbo halina likizo, unapata baht 17,400 na ushei, kama Sh64,000 kwa kiwango cha wastani wa mwaka ule.

Najua atakayesoma hapa atasema Sh64,000 ni nyingi ukilinganisha na walimu vibarua wa JSS, yaani sekondari msingi za Kenya, wanaopewa elfu ishirini. Ndugu yangu, ngoja tufike mwisho. Chumba nililipa baht 4,000, umeme na maji 900, chakula 5,500 na najipikia mwenyewe mara nyingi, pikipiki ya kukodi 2,500 maana shule iko kilomita tisa kutoka mjini, simu 300. Hiyo ni 13,200 kwa mwezi, na nimekaa miezi kumi na mmoja. Ongeza kama baht 5,000 za kuongeza muda wa visa na ada ya kibali, ambazo niliambiwa Nairobi kuwa "zitashughulikiwa", nikaja kukuta wa kuzishughulikia ni mimi. Zilizobaki ni baht 58,800, sawa na Sh217,000 hivi.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeshatoa ada ya ajenti Sh80,000, tikiti ya kwenda Sh62,000, na stakabadhi na mihuri Sh9,000. Toa hizo. Nikikata tikiti ya kurudi leo, nimeona kwa Sh58,000, kazi yangu ya mwaka mzima ughaibuni itakuwa imeniachia shilingi elfu nane na mia kadhaa.

Nimerudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu dada yangu mkubwa alifanya kazi hiihii. Alifundisha Bangkok kuanzia 2009 kwa baht 30,000. Kwa kiwango cha siku zile ilikuwa kama Sh68,000, karibu mara tatu ya alichokuwa akilipwa rafiki yake aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, mwaka uleule, na sahani ya wali na kuku wa kukaanga barabarani ilikuwa baht 25 au 30. Leo sahani hiyo hapa Surin ni 50. Dada alirudi baada ya miaka mitatu akajenga vyumba viwili na sebule Mtwapa, na mama anaishi humo mpaka leo. Nyumba ile ndiyo iliyonituma mimi kwa ajenti. Sikuwahi kuuliza kama mshahara uliojenga nyumba ile bado upo.

Haupo. Walimu wengi hapa watakwambia elfu thelathini ndiyo iliyokuwa ikitangazwa miaka ya dada yangu na ndiyo inayotangazwa leo kwa mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani, na sisi wengine tunapewa chini ya hapo. Mwenzangu wa meza ya jirani ni Mwingereza mwenye shahada ya masoko, hajawahi kusomea ualimu, na analipwa 32,000. Ni mtu mwema na ananisaidia sana. Aliponiuliza napata ngapi, nikamwambia, alinyamaza akashindwa kumaliza chai. Mimi nimesomea Kiingereza na fasihi miaka minne, nimefanya mazoezi ya kufundisha mihula miwili, na ilinibidi nifanye mtihani wa TOEIC kuthibitisha kwamba najua lugha niliyofundishwa nayo tangu darasa la nne.

Lakini lililoniuma zaidi ya pasipoti nililiona Desemba. Mkuu wa idara ya lugha za kigeni, mama mmoja mkarimu anayeniletea maembe, alinionyesha karatasi ya makubaliano kati ya shule na kampuni ya Bangkok anayoshirikiana nayo ajenti wangu. Shule inalipa baht 33,000 kwa mwezi kwa kila mwalimu wa kigeni. Alikuwa anadhani zinanifikia zote, na wazazi wanachangia kila muhula wakidhani hivyohivyo. Tofauti ya 11,000 inabaki njiani kila mwezi niliofanya kazi, juu ya zile Sh80,000 nilizotoa Nairobi. Nilipomuuliza ajenti, akasema hizo ni gharama za uendeshaji. Nikamwomba anitajie gharama mbili tu. Akaahidi kunitumia orodha kwa barua pepe, nami nikawa nafungua sanduku langu kila asubuhi kabla ya paredi. Haikuja.

Badala yake alinipa ahadi nyingine: nivumilie mwaka mmoja, halafu atanihamishia Korea Kusini ambako shule hulipia na nyumba. Nilienda kusoma masharti ya EPIK, mpango wa serikali ya Korea wa walimu wa Kiingereza. Wanapokea raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Ajenti anayeishi kwa kazi hii hawezi kuwa halijui hilo. Uchina nako, tunaye hapa Mkameruni aliyekuwa akifundisha kituo cha masomo ya ziada Chengdu. Julai 2021 serikali ilipopiga marufuku vituo hivyo kufundisha masomo ya shule kwa faida, chao kikafungwa, naye akaja huku kugombea nafasi hizihizi. Anasema wenzake wengi walifanya hivyo. Shule yenye maombi arobaini mezani haina sababu ya kuongeza mshahara.

Kazi yenyewe sijutii. Alhamisi moja ya Juni kulikuwa na sherehe ya Wai Khru, siku ya kuwaheshimu walimu. Watoto walikuja kwa magoti ukumbi mzima, wawili wawili, wamebeba sinia za maua waliyopanga wenyewe usiku kucha. Ndani ya sinia lazima kuwe na ua la mbiringani, kwa sababu huinamisha kichwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Msichana wa darasa langu, ambaye kwa wiki nne hakuwa amefungua mdomo, aliliweka sinia mikononi mwangu akasema kwa Kiingereza, taratibu, sentensi nzima niliyowafundisha wiki ile. Nililia mbele ya shule nzima. Watoto arobaini na wanane darasani, vipindi ishirini na viwili kwa wiki, na ningewafundisha tena.

Kwa hiyo sikurudi nyumbani. Mkataba wa pili nimetia sahihi mwenyewe, bila mtu wa katikati, na shule moja ya Korat, mji mwingine wa huku kaskazini mashariki, niliyoiandikia barua moja kwa moja: baht 26,000, miezi kumi na miwili, Aprili ikiwemo, na ada za visa na kibali wanalipa wao. Ilinichukua barua pepe kumi na tisa na safari mbili za basi. Ukiwa umeshapata mwaka mmoja wa uzoefu nchini, shule zinakujibu. Ukiwa bado Kenya si rahisi, ndiyo maana ajenti ana kazi. Kama utamtumia, mwombe akuandikie jumla ya mwaka kwa baht, mwezi kwa mwezi, na shule inalipa ngapi kwa kichwa chako. Kiwango cha shilingi angalia mwenyewe siku unayolipa ada.

Wiki iliyopita ajenti alinitumia ujumbe, akaniomba nirekodi video fupi nikiwa na wanafunzi ili aiweke kwenye tangazo la mwaka huu. Nilimjibu kwamba nitairekodi kwa moyo wote, mradi chini ya video aandike baht 17,400 kwa mwezi. Ameusoma. Bado hajajibu.