Verdicchio: chupa ipi uchukue kwanza

Ukiingia dukani kutafuta mvinyo mweupe wa Italia, mkono huenda moja kwa moja kwenye Pinot Grigio, maana ndiyo iliyojaa rafuni. Nakuomba upitishe macho mara ya pili utafute jina Verdicchio. Ni zabibu ya mkoa wa Marche, Italia ya kati, kati ya milima ya Apennini na bahari ya Adriatiki. Kwa bei inayokaribiana na ile ya Pinot Grigio ya wastani unapata mvinyo wenye uchachu wa kweli, harufu inayotambulika, na nguvu ya kukaa miaka ambayo mivinyo mingi ya bei hiyo haina.

Kazi iko kwenye kuchagua. Jina hilohilo linabandikwa kwenye chupa zinazotofautiana sana, na ya bei kubwa siyo lazima iwe ndiyo ya kuanza nayo.

1. Verdicchio dei Castelli di Jesi Classico Superiore

Hii ndiyo chupa ya kwanza, na kama utanunua moja tu, basi iwe hii. Lebo yake ni ndefu, kwa hiyo isome pole pole. "Castelli di Jesi" ni vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi, pande zote mbili za mto Esino, hasa katika mkoa mdogo wa Ancona. "Classico" maana yake zabibu zimetoka kwenye vijiji vya asili vya eneo hilo, kama Cupramontana, Staffolo na Montecarotto. "Superiore" maana yake mkulima amekubali kuvuna zabibu chache zaidi kwa hekta, na mvinyo una kilevi kisichopungua asilimia 12. Maneno yote matatu yakiwepo, umeshapunguza sana uwezekano wa kupoteza pesa.

Mimina kidogo kwenye glasi na uinyanyue penye mwanga: utaona rangi ya majani makavu yenye kijani kwa mbali. Pua inapata ganda la limau, tufaha bichi, na harufu ya shamari. Ukinywa, uchachu unakuja kwanza na mate yanajaa mdomoni. Halafu, ukishameza, unabaki uchungu mdogo wa lozi mbichi kwenye ulimi. Uchungu huo usikutishe. Ndio alama ya zabibu hii, na ndio unaokufanya utamani tonge jingine la samaki.

Majina ya kutafuta: Casal di Serra wa Umani Ronchi ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi nje ya Italia. Podium wa Garofoli ni mzito kidogo na hukaa muda mrefu kiwandani kabla ya kuuzwa, tena bila kupitishwa kwenye pipa la mbao, na kwangu ni mfano bora wa jinsi zabibu hii inavyojitosheleza. Sartarelli, wa Poggio San Marcello, wameamua kutengeneza Verdicchio peke yake, na hata chupa yao ya bei ya chini ni safi. Huko Italia kwenyewe, Classico Superiore nyingi huuzwa kati ya euro 8 na 15. Ukiikuta mbali na huko, ongeza usafiri na kodi, lakini bado utaona bei yake iko chini ya ile ya mivinyo myeupe ya Ufaransa yenye ubora unaolingana nayo.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliamini hadi waonje: usiikimbie chupa ya Superiore kwa sababu mwaka wa mavuno ni wa miaka mitatu au minne nyuma. Uchachu wa Verdicchio ni mwingi, nao ndio unaoilinda. Mara nyingi ya mwaka wa nyuma ina ladha nzuri zaidi mdomoni kuliko iliyotoka juzi.

2. Verdicchio di Matelica

Zabibu ni ileile, mahali ni tofauti kabisa. Matelica iko ndani zaidi, kwenye bonde la juu la Esino ambalo limelala kaskazini hadi kusini, na milima imelikinga na upepo wa bahari. Mashamba mengi yako kwenye mwinuko wa mita 300 hadi 500. Mchana kuna jua kali, usiku baridi inashuka kwa kasi, na zabibu zinaiva bila kupoteza uchachu. Mvinyo wake ni mkali zaidi, wenye ladha inayokaribia chumvi. Mtu aliyezoea mivinyo laini anaweza kushtuka kidogo. Anayependa ndimu nyingi kwenye samaki atafurahi sana.

Eneo hili lilitambuliwa kisheria mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Jesi, ila mashamba yake ni machache sana, ndiyo maana chupa zake huzioni kila duka. Ukiiona Collestefano, chukua bila kusita. Kwangu hakuna Verdicchio nyingine inayokupa mengi kiasi hicho kwa bei hiyo. Bisci na La Monacesca nao ni wa kuaminika, na ushirika wa wakulima wa Belisario una chupa za bei nafuu zilizotengenezwa kwa uangalifu. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uhaba wake tu.

3. Riserva

Riserva za maeneo yote mawili zina daraja la juu kabisa la sheria ya mvinyo ya Italia, DOCG, na lazima zikae angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa; kwa zile za Jesi, sita kati ya hiyo ikiwa kwenye chupa. Villa Bucci ndiyo maarufu kuliko zote: hutengenezwa miaka ya mavuno mazuri tu, na hulala kwenye mapipa makubwa ya zamani ya mwaloni ambayo hayaachi ladha ya mbao. Cambrugiano ya Belisario ni mlango wa bei nafuu zaidi.

Ni mivinyo mikubwa, ila usianze nayo. Ukiifungua mapema unalipia kitu ambacho hakijakomaa, na usipoijua Superiore hutaona pesa yako imekwenda wapi. Nunua Riserva ukiwa na mahali pa baridi pa kuihifadhi na subira ya miaka kadhaa.

4. Ile ya chupa yenye umbo la mtungi

Miaka ya 1950 kampuni ya Fazi Battaglia ilitoa chupa ya kijani yenye kiuno, iliyobuniwa na msanifu Antonio Maiocchi, na chupa hiyo ndiyo iliyolipeleka jina la Verdicchio duniani. Pia ndiyo iliyowafanya watu waichukulie kama mvinyo wa likizo ufukweni, wa kunywa na kusahau. Ndani yake mara nyingi ni ya kawaida: nyepesi, safi, ya kunywa mwaka huohuo. Kwa hii angalia tarehe kwa makini, kwa sababu ikizeeka haina cha kukupa.

Verdicchio zenye mapovu pia zipo na zinafaa kwa sherehe. Tamu, ziitwazo passito, ni nadra. Ukiiona, ijaribu na jibini.

Kabla hujalipa

Joto ndilo adui mkubwa, hasa kwa tunaonunua Dar es Salaam au Mombasa. Iinue chupa uangalie kizibo: kikiwa kimesukumwa juu hadi kuinua karatasi yake, au kuna michirizi ya mvinyo shingoni, irudishe. Usiichukue iliyosimama dirishani. Na uliza bila aibu: "Dada, mzigo huu ulikaa kwenye AC au stoo?" Duka zuri litakujibu vizuri.

Nyumbani, itoe kwenye friji robo saa kabla ya kumimina. Ikiwa baridi kama barafu, shamari na lozi havisikiki. Watu wa Marche huinywa na mchuzi wao wa samaki mchanganyiko uitwao brodetto, na sungura aliyeokwa na shamari ya porini. Kwetu inakwenda vizuri na pweza wa kuchoma, changu wa kukaanga, hata samaki wa nazi, maana uchachu wake unakata mafuta ya tui. Pilipili punguza, kwa sababu kilevi huzidisha moto wake.

Duka likikosa Verdicchio kabisa, angalia kama wana Lugana, kutoka kusini mwa ziwa Garda. Huko zabibu inaitwa Turbiana, lakini vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni ndugu wa karibu sana wa Verdicchio, kiasi kwamba wataalamu wengi wanazihesabu kuwa moja. Utaikuta laini zaidi, na uchungu wa lozi umepungua.